Ushindi wa utotoni hufika wapi?



Mwaka 2025, siku ya posho moja ya mwezi wa tano, jua likiwa karibu kutua, baba mmoja wa parokia yetu alipiga hodi mlangoni kwetu. Alikuja na mwana wake, kijana wa mwaka wa 8, akamwacha nje chini ya mwembe. Yeye mwenyewe akaingia, akaketi, akauliza habari za mke, habari za watoto, habari za mihogo. Tulijua kwamba neno lililomleta lilikuwa bado nyuma.

Mwishoni alilitoa. Wakati wa likizo kubwa kutakuwa na mashindano ya mpira mjini kwa vijana wasiopita miaka 14. Watu wa timu kubwa watakuja kutazama na kuchagua. Mwana wake ndiye aliyefunga mabao mengi kuliko wote katika shule yetu mwaka ule, na shule ilikuwa imechukua kombe mbele ya shule zote za jirani. Lakini mtoto alizaliwa mwaka 2010, amekwisha kupita umri. "Mwalimu," akasema, "ninyi ndio mnaoandika kadi za ubatizo. Padri hutia sahihi tu. Mniandikie 2012. Ni tarakimu moja, haimwibii mtu kitu."

Labda mnafikiri kwamba tulikataa palepale kwa sauti kubwa. Haikuwa hivyo. Baba yule ni mtu mwema. Anachoma makala, ana watoto saba, na minervali ya umanite ilikuwa inamngoja mwezi wa tisa. Aliona mlango mmoja tu wa kutokea katika umaskini, na mlango ule ni miguu ya mwana wake. Tukamwomba atupe siku mbili. Akaondoka akifikiri kwamba tumekubali nusu. Nasi usiku ule hatukulala vema, kwa sababu tulikumbuka kombe letu la mwaka 2003.

Kombe la mwaka 2003

Wakati ule tulikuwa na miaka 14, tukisoma mwaka wa pili wa sekondari. Vijana wa leo wanauita mwaka wa 8 wa elimu ya msingi, kwani sheria ya mwaka 2014 ilibadili hesabu ya madarasa: miaka miwili ya kwanza ya sekondari iliunganishwa na shule ya msingi, na umanite ikabaki miaka minne peke yake. Lakini jambo ni lile lile. Mtoto anamaliza masomo karibu na nyumbani, kisha anakwenda kutafuta umanite, mara nyingi mbali, katikati ya vijana wenye ndevu.

Nchi ilikuwa inatoka vitani. Hatukuwa na viatu vya mpira wala jezi. Tuligeuza mashati ya shule ndani nje, hiyo ndiyo rangi yetu. Kiwanja kilikuwa nyuma ya kanisa, udongo mwekundu, na pembeni kichuguu ambacho hakuna mtu aliyeweza kukimaliza. Milingoti ya lango ilikuwa miti ya mikalitusi.

Katika timu yetu walikuwamo vijana wawili ambao hatutataja majina yao. Mmoja tutamwita Mrefu, mwingine Mdogo. Mrefu aliwapita kwa kimo walimu wawili wa shule yetu. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuvunjika, na sisi wengine tulikuwa bado tunaimba sauti ya juu kanisani pamoja na wasichana. Mafundisho yote ya mwalimu wetu wa mpira yalikuwa maneno mawili: "Mpeni Mrefu." Kipa alipiga mpira mbali, Mrefu alikimbia, wadogo wa timu nyingine wakamgonga na kuanguka kama nzige wagongao ukuta. Bao. Tulicheza michezo saba, tukashinda yote saba. Katika mchezo wa mwisho alifunga mabao manne. Watu walimbeba mabegani tangu kiwanjani mpaka misioni, na mama mmoja alitandika kitenge chake chini ili apite juu yake. Jioni tulikula mbuzi na bukari, na mzee mmoja akasema mbele ya wote kwamba mtoto huyu atalisha ukoo wake kwa miguu.

Tangu siku ile hakuna aliyemwuliza Mrefu habari za masomo. Na hapa tuseme kosa letu wenyewe. Sisi tulikaa karibu naye darasani. Kila asubuhi alichukua daftari yetu, akanakili hesabu na kazi ya Kifaransa. Hakutuonea, sisi tulimpa kwa furaha. Tulifikiri ndio upendo. Tena tuliogopa kwamba akishindwa darasani hatacheza, na asipocheza hatutashinda. Tuliupenda ushindi wetu kuliko tulivyompenda yeye, lakini hatukuijua tofauti.

Na Mdogo? Aliingia uwanjani mara moja katika mashindano yote, dakika za mwisho, tulipokuwa tumekwisha kushinda. Kazi yake ilikuwa kufuata mipira iliyopotea majanini. Jioni alibaki peke yake akipiga mpira wa matambara kwenye ukuta wa nyumba ya seremala: mara mia kwa mguu wa kuume, mara mia kwa mguu wa kushoto. Tulimcheka. Tulimwambia kwamba ukuta haujashindwa na mtu.

Shule tatu, lango moja

Mwezi wa tisa tuliachana. Sisi tuliingia seminari ndogo. Mrefu, Mdogo na wengi wa wenzetu walikwenda shule moja kubwa ya mjini. Siku ya kwanza seminarini tulijisifu kwamba sisi ni mabingwa. Wenzetu hawakushangaa. Kila mmoja alikuwa bingwa kwao! Tulikaa kwenye benchi mwaka mzima, na mwaka wa pili pia.

Hapo tulianza kuifahamu hesabu ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Shule za watoto ni nyingi, shule za umanite ni chache. Shule tatu zinaleta makipa watatu, na lango ni moja. Zinaleta washambulizi hodari sita, na nafasi ni mbili. Tena nafasi hizo mbili haziko wazi: wanazo vijana wa mwaka wa mwisho, wenye miaka 18 au 19, waliozishika kwa jasho. Basi hata kama wote ni hodari kweli, wengi watakaa. Kukaa kwao si aibu wala uchawi, ni hesabu tu.

Mrefu hakuweza kukaa. Hakuna aliyemfundisha kukaa. Miaka ile ya umanite aliongeza vidole viwili tu vya kimo, na wenzake wakarefuka mpaka wakamfikia, wengine wakampita. Aliokuwa akiwaangusha sasa walisimama imara. Kila alipopewa mpira alifanya kama zamani, akaukimbiza mbele kwa mguu wa kuume, nao wakamngoja upande ule ule. Alikuwa na kisu kimoja, na kisu kile kilikuwa kimechakaa. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza buletini yake ilijaa alama nyekundu, kwani hapakuwa na daftari ya kunakili. Akarudia darasa. Baba yake akauza baiskeli ili ampeleke kujaribiwa na timu za mji. Mara mbili walirudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata aliacha shule.

Mdogo alikaa kwenye benchi miaka miwili. Kisha mwili wake ukaamka, kama mahindi yapatayo mvua baada ya kiangazi kirefu. Alipopata kimo na nguvu, yale aliyojifunza ukutani yalikuwa bado yako: miguu miwili, jicho la kuona mwenzake kabla ya kupokea mpira, moyo wa kungoja. Mwaka 2006 alikuwa kapiteni wa shule ile. Seminari yetu ilicheza nao, nasi tulikuwa uwanjani siku ile. Hatukuugusa mpira mara nyingi. Mwaka 2007 alipata diploma yake katika mtihani wa Serikali, na leo ni muuguzi.

Kati yetu kumi na mmoja tulioshinda kombe la mwaka 2003, watatu tu walipata nafasi ya kudumu katika timu kubwa ya shule walikoendelea. Kati ya watano wa benchi, wawili. Na kuishi kwa mpira hakuishi hata mmoja wetu.

Mwili una kalenda yake

Kwa nini iwe hivyo? Zamani watu wa kwetu walisema kwamba Mrefu amelogwa na wenye wivu. Sisi tunasema: hapana. Mungu ameweka katika kila mwili kalenda yake, nayo si ile ya ukutani.

Wavulana wengi hukua kwa haraka kabisa karibu na miaka 14. Mwaka ule mmoja huweza kuongeza sentimita 9 au 10. Lakini huo ni wastani tu. Mmoja huanza haraka ile karibu na miaka 12, mwingine hungoja mpaka karibu na 16. Basi ukiwapanga watoto wa miaka 13 mstari mmoja, utakuta huyu ana mwili wa kijana na huyu ana mwili wa mtoto, na wote walizaliwa mwaka mmoja. Wakicheza pamoja, wa kwanza atashinda. Hakuwa na akili zaidi ya mpira. Alitangulia kufika mahali ambapo wote watafika. Baada ya miaka mitatu au minne wengi wamefika, na faida yake imekwisha. Kitakachobaki ni kile alichojifunza tu.

Tena kuna jambo la mwezi wa kuzaliwa. Aliyezaliwa mwezi wa kwanza na aliyezaliwa mwezi wa kumi na mbili wanahesabiwa mwaka mmoja, na wamepishana miezi kumi na mmoja. Kwa mtu mzima si kitu; kwa mtoto ni kitu kikubwa. Mwaka 1985 mtaalamu Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba huko Kanada, katika timu za vijana wateule wa mchezo wa hoki ya barafu, waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, na wa miezi ya mwisho walikuwa wachache. Baadaye wengine walikuta jambo lile lile katika mpira wa miguu wa Ulaya. Walimu walifikiri wanachagua kipaji, kumbe mara nyingi walichagua miezi. Anayechaguliwa hupewa mwalimu mzuri na michezo mingi. Asiyechaguliwa hupewa kazi ya kuokota mipira.

Tulipokabidhiwa vitabu vya ubatizo vya parokia, tulitafuta majina ya wenzetu wawili. Mrefu alizaliwa mwezi wa pili. Mdogo alizaliwa mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule ule. Tulikaa kitambo tukiitazama mistari ile miwili.

Mambo ya dunia

Msidhani kwamba ni shida ya misioni yetu peke yake. Nchini Marekani shule zimegawanyika: shule ya kati kwa watoto wa miaka 11 mpaka 14, na shule ya juu kwa vijana mpaka miaka 18. Huko nako wazazi wa mabingwa wa shule ya kati huuliza kama watoto wao watashinda pia shule ya juu, na huko nako shule kadhaa za kati humiminika katika shule moja ya juu. Mwaka 1978, katika mji wa Wilmington, kijana mmoja wa miaka 15 hakuingizwa katika timu kubwa ya mpira wa kikapu ya shule yake. Aliwekwa katika timu ya wadogo, na nafasi akapewa mwenzake aliyekuwa mrefu zaidi. Kijana yule ni Michael Jordan. Akili za walimu siku ile zilitazama kimo, na kimo kilimfikia baadaye.

Huko huko Marekani alikuwako Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana. Mwaka 2004, akiwa na miaka 14, aliingia timu ya wakubwa ya D.C. United, na watu wote wakasema huyu ndiye Pelé mpya. Alizunguka timu nyingi, Ulaya na Amerika, lakini ukubwa ule uliotabiriwa haukufika. Kwa upande mwingine, Antoine Griezmann alikataliwa na timu za Ufaransa utotoni kwa sababu ya udogo wa mwili. Ikabidi avuke mpaka kwenda Hispania, kwa Real Sociedad. Mwaka 2018 alichukua Kombe la Dunia pamoja na nchi ile ile ambayo timu zake zilimwona mdogo mno. Jamie Vardy wa Uingereza aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, kwa sababu hiyo hiyo ya udogo. Alifanya kazi ya kiwanda, akacheza katika timu ndogo, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza pamoja na Leicester.

Tutazame na Afrika yetu. Nigeria ilichukua Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mara tano: 1985, 1993, 2007, 2013 na 2015. Ghana ililichukua mara mbili, 1991 na 1995. Je, na Kombe la wakubwa? Hata lilipochezwa Qatar mwaka 2022, lilikuwa halijachukuliwa na nchi yoyote ya Afrika, na Morocco ndiyo ya kwanza ya bara letu kufika nusu fainali, mwaka ule ule. Hatusemi kwamba makombe yale ya vijana yalikuwa bure. Tunasema tu kwamba njia ya kutoka kwa vijana mpaka kwa wakubwa ni ndefu, na mtu hawezi kuipita kwa kombe la jana. Tena udanganyifu wa miaka ulizidi katika mashindano ya vijana mpaka FIFA ikatafuta dawa: tangu Kombe la vijana la mwaka 2009 hutumia mashine ipigayo picha za ndani ya mwili, kutazama mifupa ya kifundo cha mkono. Mfupa uliokwisha kuungana husema ukweli ambao kadi imeuficha.

Kinachovuka

Basi, je, ushindi wa utotoni hauna faida? Hapana, hatusemi hivyo. Sisi tunapenda mpira. Katika nchi yetu mpira na shule vilizaliwa nyumba moja. Mwaka 1939, katika mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface waliwatengenezea wanafunzi timu, wakaiita Saint-Georges. Timu ile ndiyo TP Mazembe, iliyochukua ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Na Kinshasa, Padri Raphaël de la Kethulle, aliyefariki mwaka 1956, alijenga shule na viwanja pamoja; watu walimwita Tata Raphaël, na jina lile liko mpaka leo juu ya kiwanja kikubwa. Wazee hawa hawakumwambia mtoto achague, ama daftari ama mpira.

Lakini tujue ni kitu gani kinachovuka mto pamoja na mtoto, na ni kitu gani kinachobaki ng'ambo. Kimo cha mapema hakivuki. Kelele za watu hazivuki; mjini hakuna anayelijua jina lako. Kombe lenyewe haliendi, linabaki katika kabati la direkta likipata vumbi. Kinachovuka ni miguu miwili iliyofundishwa, jicho la kumwona mwenzako, mazoea ya kuamka mapema, na moyo wa kukaa kwenye benchi bila kumchukia aliyesimama. Na daftari huvuka daima.

Mstari katika kitabu

Turudi kwa baba yule. Kesho yake, siku ya Mungu, kisha Misa, mwana wake alikuja peke yake. Alisimama mlangoni mwa chumba cha vitabu, akizungusha kofia mikononi. Tulimkaribisha. Akauliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, mimi ni wa mwaka gani?"

Kumbe nyumbani walikuwa wamekwisha kumfundisha tarehe mpya. Aliikariri usiku kucha ili asikosee mbele ya watu wa mji, na sasa alianza kuogopa kwamba hata ile ya kwanza labda ilikuwa ya uongo.

Tulifungua kitabu. Tulimwonyesha mstari wake: jina lake, jina la baba na la mama, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina la baba wa ubatizo ambaye amekwisha kufa. Akaweka kidole chini ya mwaka, akausoma polepole: elfu mbili na kumi. Akausoma mara ya pili. Kisha akacheka kidogo kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Hatukumwambia neno lingine.

Siku ya kwanza baba akarudi. Tulimwambia hatutaandika. Tulimweleza habari za Mrefu, na baiskeli iliyouzwa, na kosa letu la daftari. Tulimwambia kwamba mtoto wa miaka 15 akiwashinda wa miaka 13, hakuna mtu atakayejua kama ni hodari, hata yeye mwenyewe hatajua. Atajifunza kushinda wadogo tu. Na siku watakapomweka pamoja na wenzake wa kweli, atakuwa kama Mrefu, tena mwenye tarehe ya uongo ya kulinda maisha yake yote, katika buletini, katika diploma, katika ndoa.

Alikasirika. Alisema: "Mwalimu, ninyi mlisoma seminarini, mnakula. Sisi tunakula miguu ya watoto." Neno lile lilituchoma, kwani lilikuwa na ukweli ndani yake. Aliondoka bila kuaga. Hakutusalimu mpaka mwezi wa saba.

Tulimtafuta Mrefu. Leo anabeba abiria kwa pikipiki, ana mke na watoto wanne, ni mtu mtulivu. Tulimwuliza kama angekubali kumweleza baba yule mambo yake. Alifikiri kidogo, akasema: "Mwambieni tu kwamba mimi hakuna aliyenionyesha mguu wa kushoto. Wote walikuwa wanashangilia." Tulimwomba msamaha kwa ajili ya hesabu zile za kunakili. Akacheka, akatupiga begani, akasema kwamba na yeye alikuwa na macho yake. Lakini sisi tunajua sehemu yetu.

Shauri letu

Ninyi wazazi, mwana wenu akishinda akiwa na miaka 13, mfurahi, mchinje hata kuku. Kesho yake mwulizeni daftari. Msiuze baiskeli, msiuze mwaka wake wa kuzaliwa. Akiwa mdogo na hachaguliwi, msimwite mvivu. Labda mwezi wake wa kuzaliwa ulimchelewesha, na kalenda yake bado haijafunguliwa.

Ninyi walimu, msifundishe "Mpeni Mrefu" tu. Kombe mtalipata, mtoto mtampoteza. Wachezesheni na wa benchi. Mfundisheni mrefu yale ambayo wadogo hujifunza kwa shida, kupasa, kungoja, kutumia miguu yote miwili, kwani siku itakuja ambapo urefu wake hautamsaidia. Wala msimpe mchezaji alama ambazo hakuzitolea jasho.

Nanyi vijana wa mwaka wa 8, mkiingia umanite mkawekwa benchi, msiseme kwamba mmeonewa wala mmelogwa. Hesabuni: shule tatu, lango moja. Kisha tafuteni ukuta.

Kijana wetu hakwenda kwenye mashindano yale ya mjini. Mwezi wa tisa alianza mwaka wa kwanza wa umanite. Baba yake aliipata minervali kwa shida, sehemu kwa makala, sehemu kwa mkopo wa jumuiya. Hatujui kama atakuwa mchezaji. Siku ya posho anacheza na vijana wakubwa wa parokia, na mara nyingi anakaa nje. Juzi jioni, tukirudi kutoka kwa mgonjwa, tulisikia kishindo nyuma ya nyumba ya seremala. Alikuwa yeye, na mpira, na ukuta. Tulisimama kumhesabia. Alikuwa anapiga kwa mguu wa kushoto, vibaya bado, lakini haukosi ukuta.